Mkono wa Mama na Shavu Langu

Mama yangu ni fundi cherehani, na ana ugonjwa usio na dawa: hawezi kuona uzi umechomoza akauacha. Uwe kwenye nguo yake, ya mteja, au ya mtu asiyemjua kabisa aliyesimama mbele yake kwenye foleni ya benki, mkono utakwenda tu. Nimeshamwona akimvuta mwanamume mzima kwenye ukosi. Yule baba aligeuka akidhani anaibiwa, na Mama akamwonyesha uzi kati ya vidole viwili, ametulia kabisa, kama anayesubiri kushukuriwa.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe watoto wenye ngozi ya mafuta, uone. Tangu nianze kuota chunusi, kila Jumamosi jioni Mama akishafunika cherehani hukaa kwenye kochi karibu na dirisha, akajipiga paja, nami nikaenda kulaza kichwa. Hapo huminya, hubandua, hukwangua, hufuta kwa pamba, huku mimi nikigugumia kwa maumivu. Kaka yangu alitafuta njia ya kuponea mapema, akafuga ndevu. Mpaka leo tunamwita Ndevu, na wote pale nyumbani tunajua hazikufugwa kwa ajili ya urembo.

Mimi nilibaki. Nilikuwa nalalamika, lakini nilikuwa nakwenda, hata baada ya kuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Niseme ukweli, Mama si mtu wa maneno matamu. Ukimletea habari njema atakuuliza kama umekula. Lakini akiwa na uso wangu mikononi, ulimi humlegea. Ni pale pajani nilipojua jinsi alivyokutana na marehemu Baba, kwa nini yeye na dada yake hawakusalimiana muda mrefu, na kwamba anaogopa macho yake yanaanza kuchoka. Akiniachia uso, mazungumzo yamekwisha, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Basi siku moja nilikuwa namsaidia kuingiza ndani lile sanamu lake la kuvalishia nguo. Nililikumbatia kama mchumba, sikuona kizingiti, nikaanguka nalo. Sanamu halikupata hata mkwaruzo. Mimi shavu la kushoto lilisugua saruji kuanzia chini ya jicho mpaka karibu na mdomo.

Kwenye zahanati muuguzi alinisafisha taratibu, akatoa mchanga wote, kisha akatueleza la kufanya kwa sauti ya mtu aliyeshayasema mara nyingi na bado hajachoka kuyasema. Nioshe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, nisisugue. Nipake mafuta ya mgando, kiasi kidogo tu, ili kidonda kisikauke. Nifunike kwa kitambaa safi na kukibadilisha kila siku. Nisipake dawa ya meno, wala limau, wala krimu ya kung'arisha nitakayoshauriwa na mtu. Kikiwa chekundu zaidi, kikipata joto au kutoa usaha, nirudi.

"Na kigaga kikitokea," alisema, akimtazama Mama badala ya mimi, sijui alijuaje, "kisibanduliwe. Kitaanguka chenyewe kikiwa tayari. Makovu mengi ya usoni yanatokana na kidole."

Mama aliitikia kwa kichwa, mikono ameikunja kifuani.

Mimi nauza miwani. Kazi yangu ni kumsogelea mtu, kumvisha fremu, kumshikia kioo na kumwambia inampendeza. Sasa fikiria mtu anakusogelea na bandeji usoni. Wateja walikuwa wanajitia hamnazo, lakini macho yao yalikuwa yanateleza kwenye shavu langu na kukimbilia ukutani. Mwenye duka, mtu wa adabu zake, aliniuliza kwa upole kama ningependa kukaa nyuma kidogo nipange fremu mpaka nipone. Nilisema sawa. Nilipanga fremu kwa hasira kiasi kwamba zilikaa vizuri kuliko zilivyowahi kukaa.

Kwa hiyo lile shavu nililitunza kama yai. Niliosha, nilipaka, nilifunika. Na kweli, ngozi changa ya waridi ikaanza kuingia kutoka pembeni. Katikati tu palibaki kigaga kidogo, kwa sababu usiku mmoja bandeji ilibanduka na pakakauka.

Jumapili mchana Mama alikuwa ananisaidia kubadilisha kitambaa. Alinawa mikono kama tulivyoelekezwa. Alifungua taratibu, nami nimelala chali, nimefumba macho, tunaongea habari za shangazi yangu. Ukingo mmoja wa kigaga ulikuwa umeinuka kidogo. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilisikia tu Mama amekatisha sentensi katikati, halafu mchomo mkali, halafu kitu cha vuguvugu kinashuka kuelekea sikioni.

Nilipofumbua macho alikuwa amekishika kigaga kati ya vidole viwili, anakitazama kama hajui kimefikaje hapo. Kipande cha ngozi changa kilikuwa kimetoka nacho.

Hasira zangu ziko karibu, anayenijua anajua. Lakini siku hiyo sikupandisha sauti, na nadhani ndiyo maana maneno yaliingia.

"Mama, uso wangu si nguo ya mteja," nilisema. "Usiniguse tena."

Alitua kile kigaga juu ya pamba, akaenda kunawa mikono.

Tulirudi kwa muuguzi kesho yake. Akauliza nani amekibandua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni mimi, nimejikuna usingizini, Mama akaniwahi. "Ni mimi. Ni mkono wangu huu." Aliunyoosha mbele kabisa, kama mtu anayekabidhi kitu kilichovunjika. Muuguzi hakumgombeza. Alisema tunaanza upya, hakijaharibika kitu kisichotengenezeka, huenda pakabaki alama ndogo lakini itafifia nikijikinga na jua kwa kofia na krimu ya kuzuia jua. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, "Mama, ngozi inajishona yenyewe. Sisi tuipe unyevu na usafi tu, halafu tuiache."

Niliona sentensi ile ilivyomwingia. Fundi ameambiwa nguo inajishona yenyewe.

Toka siku hiyo Mama hakunigusa. Mimi nilidhani nimesema maneno ya hasira, ya kupita, lakini Mama huwa anashika neno kama vipimo vya mteja. Akinipa kikombe alikiweka mezani nikichukue. Akipita nyuma yangu kwenye korido ile nyembamba ya kwetu, alijibana ukutani. Nilijipaka mafuta mwenyewe mbele ya kioo, na nikigeuka namwona mlangoni, anaondoka. Mazungumzo yetu yakawa ni chumvi iko wapi na nani amefunga geti. Ndevu alikuja kula chakula cha mchana, akatutazama mmoja mmoja, akasema nyumba imekuwa kama chumba cha mtihani. Hakuna aliyecheka. Alikula haraka akaondoka.

Shavu lilikuwa linapona. Lilipona vizuri, tena sana, safari hii bila kigaga, unyevu wakati wote, ngozi ikajifunga polepole mpaka pakabaki doa la waridi linaloweza kufichwa na kidole gumba. Nilirudishwa mbele dukani. Kila mtu alinipongeza, na mimi niliitikia kwa shingo upande, kwa sababu nilikuwa nimemkosa mama yangu na hakuna kioo kilichokuwa kinaonyesha hilo. Kumbe nilikuwa nangoja Jumamosi wiki nzima miaka yote hiyo, nikijidanganya kwamba naichukia.

Jumamosi ya kwanza baada ya kupona ilifika. Mama alifunika cherehani. Hakwenda kwenye kochi, alibaki kwenye kile kiti chake kigumu, na wembe wake na sketi ya kufumua. Nikapiga moyo konde, nikamwendea, nikakaa chini sakafuni karibu na magoti yake. Aliendelea kufumua. Nyuzi zilikuwa zinadondoka begani kwangu na hakuzitoa.

Nilimwambia nimepona. Akasema ameona. Nikamwambia lile neno nililosema lilikuwa la hasira, nalitaka lirudi. Akafunga wembe kwenye karatasi yake na kuuweka mezani.

"Hukukosea," alisema. "Nikikushika nitakuharibu. Mimi sijui kushika kitu bila kukirekebisha, mwanangu. Sikufundishwa. Hata mlipokuwa wachanga, nilikuwa nawashika huku natafuta kitu cha kufanya, kucha, masikio, nywele. Kukushika hivihivi tu, nakaa na mikono yangu sijui nifanye nini."

Nilikuwa nimezoea kumwona mama yangu kama mtu mwenye mikono isiyotulia. Sikuwahi kufikiri kwamba mikono ile ilikuwa inatafuta kisingizio.

Nikauchukua mkono wake wa kulia. Ulikuwa mgumu ncha za vidole, umechomwachomwa na sindano kwa maisha yake yote. Nikaugeuza, nikaulaza kwenye shavu langu la kulia, lile ambalo halikuumia.

"Weka hapo tu," nilisema.

"Halafu?"

"Halafu basi."

Aliuweka. Ulikuwa umekakamaa kama wa mtu anayepimwa presha. Nilisikia pumzi yake juu ya kichwa changu. Kidogo kidogo kiganja kikalegea, kikashika umbo la shavu. Kisha, kama nilivyojua kitafanya, kidole gumba kikaanza kutembea. Kilipita chini ya jicho, kikashuka kwenye taya, kikapanda kuelekea sikio, na pale kando ya sikio kikakuta chunusi, kubwa, iliyoiva, niliyoamka nayo asubuhi ile.

Kikasimama juu yake. Nilibana pumzi, na nadhani na yeye alibana ya kwake. Ukucha ukagusa ngozi kidogo tu.

Kidole kikaizunguka, kikapita.