Anayelishwa kwa Pua

...polepole, Sista Careen amesema, usisukume, inua bomba la sindano tu, maziwa yatashuka yenyewe, na Hedwiga ameinua, mkono umekufa ganzi, yanashuka au hayashuki, nani ajuaye, mpira ule mwembamba unaingia puani mwa Fanueli na kupotelea humo ndani, mumewe huyu, waliyempasua kichwa kule Moshi kuondoa damu iliyovujia ubongoni, wakamrudisha hapa Same amepona nusu, nusu nyingine imelala... amekohoa? hapana, ni kifua, kinakoroma tangu alipouchomoa mpira katikati ya kulishwa, uji ukamwingia mapafuni, homa ikapanda, sasa mkono wake ulio mzima umefungwa kitandani kwa kipande cha khanga, kama mbuzi wa mnadani, yeye huyuhuyu Baba Nathanaeli, ambaye besi yake ilitetemesha madirisha ya kanisa kule Mhezi... "Shemeji," ni Eliufoo, mdogo wake Fanueli, ananong'ona huku akitazama mlangoni, "mtu hali kwa pua. Mpe hata kijiko kimoja cha uji, sista hayupo. Kaka anakufa na njaa," na kijiko kimo kikapuni, Hedwiga mwenyewe alikitia asubuhi, alikitia cha nini kama hakukusudia, lakini sista alisema koo limesahau kazi yake, akimeza kitu sasa kitakwenda palepale kwenye pumzi, na kifua kile hakitastahimili mara ya pili, lakini sista naye mtoto tu, anajua nini juu ya midomo iliyopasuka, tazama Fanueli anavyoilamba, tazama macho yanavyomfuata... eti siku hizi madukani kuna kila kitu, wafanyabiashara wameruhusiwa kuleta bidhaa, maziwa ya kopo mpaka darini, sabuni zinanukia mpaka barabarani, na yeye hawezi kumeza hata mate, na zamani zile za foleni koo lilikuwa zima, cha kumeza ndicho hakikuwapo, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kibakuli kimoja, watoto wanne, yeye anarudi kutoka kukata mkonge, anausogeza ugali upande wao, "Kuleni, mimi nimeshakula huko," huko wapi, huko kulikuwa na nini zaidi ya miiba na jua, shati likimning'inia kama limeanikwa, jioni baada ya jioni, nimeshakula huko, na akitabasamu, mwongo mkubwa, na hakuna aliyeweza kumlazimisha, hata mama yake... macho bado yanamtazama, labda yanaomba kijiko, labda yanakataa yote, lakini leo hana mdomo wa kusema ameshakula, leo hakuna mtoto wa kumsogezea, chakula hiki ni chake, chake peke yake, hata kama kinapita puani...

"Shemeji, hunisikii? Kijiko kiko wapi?"

"Nyamaza kidogo, Eliufoo," anasema, na mkono hajaushusha. "Kaka yako anakula."