Picha Tatu za Betri ya Bi Merle

"Tangu nishike bisibisi, sijaacha kazi ya mtu katikati hata siku moja. Waulizeni wake zangu wawili walionikimbia! Chakula kinapoa mezani, mimi niko darini kwa watu na waya mdomoni."

Hayo aliyasema Clive Pengelly kwenye foleni ya duka la mikate la mji mdogo wa Moonta, mwezi wa nne, mkononi ameshika pasti ya moto, ile sambusa kubwa ya nyama na viazi, na makombo yamemjaa kifuani kama nishani. Foleni nzima ikacheka. Kabla hajafika mlangoni, watu watatu walishamwandikisha majina yao.

Walikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilitoka serikalini. Serikali ilikuwa inalipia sehemu ya bei ya betri ya nyumbani, ile inayokunywa umeme wa jua mchana ili nyumba iutumie usiku. Halafu ikatangaza kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa tano, sehemu hiyo itapungua. Weee! Watu waliokaa miaka kumi na paneli juu ya bati bila kuiota betri hata kwa bahati mbaya, sasa walimkimbilia fundi wakiwa na nguo za kulalia. Mafundi wenye kibali cha kufunga betri za punguzo walikuwa wawili tu mjini, na mmoja alikuwa amevunjika mguu. Akabaki Clive.

Clive angekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote, lau si picha.

Sharti la punguzo lilikuwa kwamba fundi mwenye kibali awepo kazini yeye mwenyewe, asitume mtu. Na ili kuonyesha yupo, ajipige picha tatu na betri: kazi inapoanza, inapofika katikati, na inapomalizika. Kila picha ibebe saa yake. Picha zikikosekana, hakuna punguzo.

"Miaka thelathini na moja!" alimfokea msaidizi wake, Dougie, jamaa mnene mpole mwenye watoto wanne na mgongo mbovu. "Sijaunguza nyumba. Sijaua hata paka. Leo mtoto fulani aliyekaa kwenye kiyoyozi anataka nijipige selfi kama binti anayetafuta mchumba!"

"Binti angechana nywele kwanza," Dougie akasema.

"Funga mdomo, pakia betri."

Jumanne moja walifika kwa Bi Merle Hocking saa moja asubuhi. Bi Merle ni mjane, muuguzi mstaafu, na betri ile alikuwa ameinunua kwa akiba yake ya mwisho. Alikuwa ameshaondoka kwenda Kadina kwa daktari wa macho, ufunguo kauacha chini ya chungu cha maua. Siku hiyo Clive alikuwa na betri tatu za kufunga katika nyumba tatu, na kazi ya nyumba moja tu hula mchana mzima. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeikataa. Clive hakuikataa.

"Dougie, njoo. Tuitundike sasa hivi, nipige picha zangu zote, nikaanze nyumba ya pili kule Wallaroo."

"Ukuta huu nyuma yake ni chumba cha kulala. Si inatakiwa ubao wa saruji kwanza, moto ukitokea usipite?"

"Najua! Unamfundisha nani? Tunaitundika kwa ajili ya picha. Nikiondoka, ishushe, weka ubao, uitundike tena."

Dougie akaitazama betri. Ilikuwa na uzito wa mwanamume mzima aliyeshiba. "Peke yangu?"

"Una mikono miwili, au mmoja umeuacha kwa mkeo?"

Picha ya kwanza, betri ikiwa ndani ya boksi, Clive na shati la bluu: saa moja na nusu. Wakaitundika. Clive akaiambia simu yake kwamba sasa ni saa nne na nusu, akaenda nyuma ya pikapu, akavua la bluu akavaa la kijivu. Picha ya pili, kifuniko kikiwa wazi, waya zinaning'inia. Akaiambia simu kwamba ni saa kumi alasiri, akavaa fulana ya mistari ya timu yake, ya enzi zile tumbo lake lilipokuwa halijajitegemea. Picha ya tatu, kifuniko kimefungwa, kidole gumba juu. Alipoangaza barabarani hakumwona mtu, ila mapipa ya taka tu yaliyojipanga yakingoja gari. Akairudisha saa ya simu mahali pake, akawasha pikapu, akaondoka.

Jioni alimpigia Dougie. "Vipi kwa Bi Merle?"

"Kazi imeisha."

Clive hakuuliza imeisha vipi. Mtu akiwa na haraka, jibu fupi ni zawadi.

Barua ya ukaguzi wa betri ya Bi Merle ilimfikia mwezi wa sita, baridi imeshakaza. Clive aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaipiga meza ngumi mpaka chai ikaruka. Nani kamchongea? Kwa nini yeye? Katika majambazi wote wanaouza betri kwa simu kutoka jijini, wamemwona Pengelly! Na hasira ina tabia moja, ukiilisha kila siku hunenepa ikasahau ilikotoka. Mpaka siku ya ukaguzi inafika, Clive alikuwa anaapa moyoni kwamba alishinda kwa Bi Merle kutwa nzima, na njaa ya siku hiyo aliikumbuka.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo kutoka Adelaide, Thuy Pham, koti hadi magotini na kompyuta bapa kwapani. Dougie alikuwepo na sanduku la vifaa. Bi Merle alisimama kwenye baraza la pembeni, kikombe cha chai mikononi.

"Kabla hamjaanza," Bi Merle alisema, "mimi niambieni jambo moja. Mkikuta kasoro, nani analipa?"

"Kama fundi hakuwepo kazini, punguzo linafutwa, mama," Thuy alisema. "Dola elfu nne na mia mbili. Muuzaji wa betri, aliyekupunguzia bei, anaweza kukudai wewe."

"Sina."

"Hutadaiwa hata senti!" Clive alinguruma. "Nilikuwepo. Picha wanazo. Wanataka nini tena, nywele zangu?"

Thuy alisogea hadi ilipo betri. Aliugonga ukuta kwa kidole. "Nyuma ya ukuta huu pana nini?"

"Chumba," Clive akasema.

"Cha nini?"

"Ninalala mimi," Bi Merle akasema. "Mto wangu uko hapo hapo unapogonga."

"Ubao wa saruji uko wapi, Clive?"

"Uko nyuma ya betri, utakuwa wapi? Juu ya kichwa changu? Miaka thelathini na moja, dada, kabla hujajua kufunga viatu!"

"Basi tuishushe tuuone."

Clive alicheka kicheko cha mtu aliyetukanwa. Akamwita Dougie, wakazima, wakafungua, wakainyanyua betri na kuilaza chini. Dougie hakumtazama usoni.

Ukutani palikuwa na mbao tupu za nyumba, bila saruji, kavu, rangi ya maziwa, na buibui mmoja aliyekasirika kubomolewa nyumba.

Kisha Bi Merle akasema taratibu, kwa sauti ya muuguzi anayehesabu mapigo ya moyo, "Clive. Miezi miwili nimelaza kichwa changu hapo."

"Betri hizi haziungui ovyo, Bi Merle."

"Basi ubao ni wa nini?"

"Ni... ni sheria yao tu!"

"Nilimpenda mama yako," Bi Merle alisema. "Nilimwogesha siku alipokufa. Usinidanganye nyumbani kwangu."

Thuy alikuwa ameshaandika. "Swali langu ni moja tu. Siku hiyo ulikuwa hapa mwanzo hadi mwisho?"

Hapo ndipo Clive alipoziona njia mbili, na zote zinateremka shimoni. Akisema alikuwepo, basi ni yeye, Pengelly mwana wa Pengelly, aliyeacha mbao tupu nyuma ya kichwa cha mjane, na kesho foleni ya pasti nzima itajua. Akisema hakuwepo, kibali kimekwenda, na deni linamrukia Bi Merle. Mtu mwenye akili angenyamaza apumue. Clive akachukua njia ya tatu, ile ya kutafuta shingo nyingine.

"Nilikuwepo!" alipayuka, mshipa wa shingo umesimama. "Kutwa nzima! Nilikwenda chooni dakika tano, tano tu, na huyu mpumbavu akaitundika bila ubao! Mwangalieni! Nimemlisha miaka tisa! Dougie, ulifanya nini? Sema!"

Dougie aliitazama betri pale chini. Watoto wanne, na karo mbili hazijalipwa. "Ilikuwa nzito," alisema.

"Ilikuwa nzito! Mnamsikia? Ilikuwa nzito! Weka chini vifaa vyangu. Weka! Kuanzia leo sikujui. Rudi nyumbani kamwambie mkeo ilikuwa nzito!"

Dougie akaweka sanduku chini. Aliliweka kwa adabu, kama mtu anayelaza mtoto, na jambo hilo lilimkasirisha Clive zaidi kuliko kama angelitupa.

"Nani anamgombeza Clive?"

Sauti ilitoka getini. Bibi Lorna Nankivell, wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, miaka themanini na minne, alikuwa amevuka na slipa zake za manyoya na gauni la kulalia juu ya sweta, fimbo mbele kama bunduki.

"Rudi ndani, Bibi Lorna, kuna baridi," Clive alisema.

"Sirudi! Nimesikia kelele mpaka jikoni. Ati Clive kaacha ubao?" Akamgeukia Thuy. "Wewe binti, sikiliza. Huyu alifunga waya za jiko langu mwaka aliofariki Harold wangu. Mpaka leo taa haijapepesa. Kosa kama hili hawezi kulifanya."

"Umesikia?" Clive akasema, kifua kimepanda. "Msikilize mtu mzima!"

"Hawezi kabisa," Bibi Lorna akaendelea, "kwa sababu hakuwepo."

Kifua kikabaki kilipokuwa.

"Alikaa muda wa kikombe changu kimoja cha chai, akaenda zake. Gari la taka lilikuwa halijapita. Huyu mnene ndiye aliyeshinda hapa peke yake, maskini, akihangaika kuinyanyua hiyo betri itoke ukutani. Mara tatu alijaribu. Mara ya tatu alikaa chini akashika mgongo. Nikataka nimletee dawa, lakini goti langu lilikataa."

"Bibi Lorna, unachanganya siku—"

"Jumanne, kipenzi. Mapipa yalikuwa nje. Na wewe nilikuhurumia vilevile, nilijua una homa. Mashati matatu ulibadili hapo nyuma ya pikapu, na baridi ile!"

Thuy alifungua kompyuta yake. Akazipanga picha tatu, moja kando ya nyingine. "Bibi, unakumbuka rangi?"

"Macho yangu ni mazima, miguu ndiyo imeharibika. Bluu. Kijivu. Halafu ya mistari, na hiyo ilimgomea tumboni, ikabidi avute pumzi."

Bi Merle alisogea akazitazama picha. Akaitazama ile ya mistari kwa muda mrefu. Kisha akashuka barazani, akaokota sanduku la vifaa, akamrudishia Dougie mikononi.

"Lorna," Clive alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama waya, "wewe huna televisheni nyumbani?"

"Ninayo. Asubuhi wanaonyesha mapishi tu."

Clive aligeuka kutafuta mtu wa kumfokea. Thuy alikuwa anaandika. Dougie alikuwa anatazama sanduku. Bi Merle alikuwa amempa mgongo. Akabaki Bibi Lorna peke yake, aliyekuwa anamtabasamia, akingoja kushukuriwa.