Mkono Usioleta Habari

…na huu mkono ni wake kweli au ni wa nani, maana anauona umeingia chini ya shuka mpaka kiwikoni, unateremka begani kwa dada yake, lakini hauleti habari yoyote, si baridi ya maji, si ngozi, si utelezi wa sabuni, na yeye Bi Hija ni mwosha maiti wa Malindi nzima mwaka wa ishirini na saba huu, kazi yenyewe ndiyo hiyo, shuka haifunuliwi, maiti hatazamwi, mkono ndio unaoona… "Mama mdogo, nimimine?" Ulfat huyo, ameshika kata, uso ameugeuzia ukutani asimwone mama yake, "Mimina, mwanangu, taratibu," na maji anayasikia kwa masikio tu, kama siku ile hospitalini, daktari alipomfumba macho akamtia ufunguo kiganjani, "Umeshika nini, Bi Hija?" akasema kijiko, kijiko, aibu gani ile, "Mkono wako mzima, Bi mkubwa, vidole vinapeleka habari kama kawaida, zinapanda mpaka hapa juu ya shingo, kwenye shina la ubongo, pana seli zinazozipokea na kuzigawa, nyingine ziende juu ujue umeshika nini, nyingine ziende kunakopimwa nguvu ya mkono, sasa hizo zako zilikosa damu, zimekufa," zimekufa, eti, na hakuna aliyeziosha, na yeye akatoka pale, hakumwambia mtu, maana mwosha asiyehisi ni nani tena mtaani, hata dada yake Mize hakumwambia, siku zile Mize yuko hoi kitandani anamshika mkono huuhuu, "Unioshe wewe, Hija, usiniachie mtu mwengine, wewe mkono wako mwepesi," naye akajibu inshallah, fakhari hiyo, fakhari tupu… sasa tumbo, mkono wa kushoto umeuinua mgongo wa Mize, huo unajua kila kitu, uzito, ubaridi, mifupa iliyobaki, na wa kulia ubonyeze tumbo litoe uchafu, kidogo tu, maiti huumia kama aliye hai, ndivyo alivyofundishwa, wangapi amewagombeza kwa mikono yao mizito, na yeye anabonyeza kiasi gani, hajui, shuka imebonyea, imebonyea mno, ya Rabbi, namuumiza dada yangu na sina habari, auondoe, ameuondoa, uko wapi, uko juu ya shuka, umelala tu, na Mize hawezi kusema basi, angekuwa hai angesema taratibu we Hija, angemcheka… "Mama mdogo, vipi?" na angeweza kusema si kitu, mimina, angemaliza hivyo hivyo na watu wote wangemshukuru, na Mize angekwenda kaburini ameoshwa kwa uongo wa nduguye… "Ulfat." "Naam." "Weka kata chini. Mkono wangu hauhisi, tangu Shaabani hauhisi. Tia wako hapa, chini ya shuka, usiogope, ni mama yako… bonyeza kama unavyomgusa mtoto aliyelala, na uniambie yukoje."