Maji ya Kumwosha Kibibi

Wiki ile ya uhuru watu wa Msambweni walikuwa wameambiwa wafurahi, na wengi walifurahi kweli. Asiya hakufurahi wala hakununa. Alikuwa amechoka tu. Alikuwa akiosha maiti za wanawake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kazi hiyo ina sharti lake: anayelia hutolewa nje, kwa kuwa mikono yake hutetemeka, na maiti ni mtu wa kustahiwa. Basi Asiya akajifundisha kutolia, akajifundisha vizuri mno. Siku hizi hata harusi zilimpita hivi hivi.

Ndipo akafa Kibibi, mdogo wake wa tumbo moja.

Alipopata habari alikaa kitako akangoja machozi. Hayakuja. Aliona haya, kisha akaogopa. Je, moyo nao huisha, kama kipande cha sabuni? Akavaa buibui lake akaenda, maana kazi haingoji.

Msibani wanawake waliyaona macho yale makavu wakanong'onezana. Bi Shutu, jirani asiyejua kunong'ona, akasema wote wakasikia, "Wallahi, huyu hana moyo."

Khamisa, binti wa marehemu, akasimama mlangoni pa chumba cha kuoshea, macho yamemvimba.

"Shikamoo, mama mkubwa. Unisamehe. Kama humlilii mamangu, usimguse."

"Marahaba, mwanangu." Angesema nini zaidi? Yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza lilo hilo. "Basi mwoshe wewe. Mimi nitakuelekeza."

Khamisa akashika kata. Mkono ukamtetemeka, maji yakamwagika yote katika mfuo, lile shimo lililochimbwa chini ya kitanda, hata tone lisimfikie mama yake. Akajaribu tena, akaishia kulia ameukumbatia mguu wa kitanda. Asiya akakunja mikono ya nguo yake, asiombe ruhusa kwa mtu.

Akatia kiwiko ndani ya ndoo. "Nileteeni maji ya moto."

"Ya kisima yatosha," akasema Bi Shutu. "Wanaume wanangoja kwenda kuzika."

Yakaletwa hata hivyo. Asiya akaongeza, akatia kiwiko, akaongeza tena.

"Mama mkubwa," akasema Khamisa, "maiti hasikii baridi."

"Najua, mwanangu. Nimewaosha wengi, na wote kwa maji ya kisima." Akayakoroga polepole. "Lakini huyu, tulipokuwa watoto, akimwagiwa maji baridi alikuwa akikohoa mpaka alfajiri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha."

Hata aliposema hayo hakulia. Macho yalikuwa makavu vile vile, na mgongo ulikuwa ukimuuma. Khamisa akainuka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akainama juu ya ndoo na kutia kiwiko chake.

"Bado, mama mkubwa," akasema. "Ongeza kidogo."