Jiko la Mama Yake Damar

Haya niliyasikia kwa Wening mwenyewe, binti aliyepanga nyumba ya mdogo wangu hapa mjini Salatiga. Alinisimulia mwaka jana mvua zikikaribia kuisha, tumekaa barazani tunachambua maharage, akiyasema polepole kama mtu anayejitoa miiba mguuni.

Wening na wenzake wawili walikuwa wakitengeneza michezo ya kompyuta. Bosi hawakuwa naye, wala kampuni nyuma yao. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi, na kilichopatikana waligawana. Wening ndiye aliyeandika maagizo ya kuiambia mashine ifanye nini. Gandung, mnene wa watu, alitia sauti na muziki. Na Damar, aliyewazidi umri wakawa wanamwita Mas, yaani kaka, kama Wening walivyomwita Mbak, dada, alikuwa mchoraji.

Mchezo waliokuwa nao mkononi kwa miaka kadhaa ulikuwa wa nyumba ya kwao Damar, kule pwani ya Demak ambako bahari inakula ardhi. Anayecheza ni msichana mdogo. Maji yanaingia ndani, naye anahamisha vitu chumba kwa chumba kuvipandisha darini. Damar alichora kila kitu, sebule, kitanda cha bibi yake, ua na mtungi wa maji. Jiko tu hakulichora. Mama yake alifia jikoni humo akipepea moto, naye Damar yuko mbali masomoni. Akiulizwa habari ya jiko alijibu, "Kesho." Na pale uani, mahali pa kuingilia jikoni, alichora shuka limeanikwa, akapaacha hivyo.

Siku moja akawaambia amepata kazi Jakarta, kwenye kampuni ya watu mia kadhaa, kuchora mavazi ya askari wa kwenye michezo ya simu. Mkataba wa huko haumruhusu kumchorea mtu mwingine hata jani la mti.

Wening alisema, "Hongera, Mas." Kisha akaanza kazi ya siri.

Aliamua kulichora lile jiko yeye. Mkono wake kwenye kuchora ulikuwa mzito. Alichora birika likatoka kama bata, akafuta, akachora tena. Alimpigia simu Lastri, dada yake Damar, akamuuliza meko yalikaa upande gani na mama alitundika wapi mwiko. Lastri akampa zaidi ya alichoomba. Kwenye simu yake ya zamani ilikuwamo sauti ya mama akimwita mwanawe: "Mar, njoo ule kwanza." Gandung aliisafisha ile sauti ikawa kama mtu amesimama chumba cha pili. Wening akaiweka mle jikoni, na jiko akaliweka nyuma ya shuka. Kulisukuma tu, unaingia.

"Akisikia hii," alimwambia Gandung, "haendi popote."

"Na akienda?"

"Haendi."

Sasa, watu wa kazi hiyo wana desturi yao, na hapa kwetu aliyeileta ni Damar mwenyewe. Mtu akiujaribu mchezo wako, wewe uliyeutengeneza unakaa nyuma yake na kunyamaza. Akipotea, mwache apotee. Akipita mlango, mwache apite. Damar aliwaambia, "Hutakuwapo sebuleni kwa mnunuzi kumwambia bonyeza hapa." Wakaishika kama amana. Anayeondoka naye huagwa hivyohivyo, anaucheza mchezo mwanzo hadi mwisho kwa mkono wake, wanaobaki wako nyuma kimya, na wali wa karamu ya kuagana haukatwi ncha mpaka amalize.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri. Wali wa manjano ulikuwa mezani umesimamishwa kama mlima, kuku na tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, vimeuzunguka. Begi la Damar liko mlangoni.

"Mas," Gandung akasema, "nikikuona siku moja umevaa tai, nitakuvuta nayo hadi Salatiga."

"Wewe tai ungeigeuza kamba ya kuanikia soksi zako."

"Soksi zangu hazihitaji kamba. Zinasimama zenyewe."

"Ndiyo maana nahama," Damar akasema, akacheka, akashika pedi ya kuchezea, akakaa.

Wening alikaa nyuma yake kidogo. Alimwona kisogo na mabega. Yule msichana wa kwenye mchezo akaingia sebuleni, maji yakaanza kupita chini ya mlango. Damar alicheza haraka, kama mtu anayetembea kwao gizani. Picha za ukutani, juu. Mto wa bibi, juu. Hakupapasa, hakujikwaa.

Hapo ndipo Wening akaona alipokosea. Jiko lake hakumpa mtu yeyote alijaribu. Alijiambia mtoto wa nyumba ile hahitaji kuonyeshwa jiko la mama yake. Lakini huyu mbele yake hakuwa akitembea kama mtoto wa nyumba, alitembea kama mchoraji wake. Aliyekijenga kitu hakitafuti. Anajua kila kilichopo, na anajua palipo patupu.

Damar akafika uani. Akauchukua mtungi. Akageuka, msichana akasimama mbele ya shuka.

Akasimama pale muda mrefu. Maji yalimfika magotini. Gandung akamtazama Wening, akakohoa. Kukohoa hakukatazwi. Wening alibana mikono katikati ya mapaja na kutazama shuka likipepea, na nyuma yake, hatua moja, birika alilolifuta na kulichora mpaka likawa birika.

Damar akageuka, akarudi ndani, akapanda darini. Mchezo ukaisha. Akaweka pedi chini.

"Mzuri," akasema. "Mzuri kuliko tulivyostahili." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mbak Wening, nikwambie kitu? Pale kwenye shuka nilishikwa na woga. Nilisema moyoni, huyu asije akawa amelitengeneza jiko. Halafu nikajikumbusha, pale sikuchora kitu, hapana kitu."

Akamgeukia Wening.

"Ahsante kwa kuliacha. Ningesikia hata mlio wa birika lake nisingeinuka hapa. Na lazima niinuke. Baba amekubali kuhama."

"Amekubali lini?" Gandung akauliza.

"Juzi. Miaka yote anasema bahari itamkuta kitandani. Juzi usiku ilimkuta kweli, kaamka godoro limelowa. Akanipigia akasema, Mar, nitafutie mahali pakavu. Hajawahi kuniomba kitu yule mzee. Jumatatu namchukua, tunakwenda naye Jakarta."

Desturi ilikuwa imekwisha, pedi iko sakafuni, kila mtu yuko huru kusema. Neno moja tu lilitosha: rudi uani. Wening alilihisi limekaa ulimini. Alimtazama Damar, macho mekundu, akamwona akilini yule mzee asiyemjua ameketi juu ya godoro lililolowa.

"Wali unapoa, Mas," akasema.

Akakata ncha ya ule mlima wa wali, akaiweka kwenye sahani ya Damar, kama anavyopewa mwenye heshima ya siku. Damar akala yote. Gandung akatania mpaka akaishiwa. Gari likaja likapiga honi, Damar akawakumbatia mmojammoja, akamwambia Wening, "Umalize, usiuache ukaoza." Akaondoka. Mvua ikaanza kabla gari halijapinda kona.

Walirudi ndani wawili. Gandung akajilaza kwenye mkeka.

"Mbak, kwa nini hukusema?"

"Sheria."

"Sheria iliisha alipoweka pedi chini."

"Najua."

"Angebaki."

"Ndiyo," Wening akasema. "Angebaki."

Haikupita muda Gandung akawa anakoroma, mkono juu ya tumbo. Wening akakaa kwenye kiti kilichokuwa na joto bado. Aliucheza hadi uani, akasukuma shuka, akaingia. Birika, mwiko, meko. Mama akaita. Akamsikiliza mara moja, asirudie.

Kisha akafungua maagizo yake na kuyatafuta yale ya shuka. Jiko hakulifuta, mkono ulikataa. Aliondoa njia ya kuingilia tu. Lipo humo mpaka leo, ndani ya mchezo, na meko yake yanawaka. Watu watanunua, watabeba mitungi na mito, watasimama mbele ya shuka wakilisukuma, na halitafunguka.

Alizima mashine. Sahani hakuosha. Alijisogeza kwenye ncha ya mkeka, mbali na miguu ya Gandung, akajifunika kanga usoni kwa sababu nje bado kulikuwa mchana. Mvua ilipiga vigae. Alilia kidogo bila sauti, akangoja usingizi kama anayengoja zamu yake, na mwisho ukamchukua.