Kimbunga Kilichopewa Jina la Somoe

Jana baada ya chakula cha mchana nilijilaza mkekani, nikaota kimbunga kimekaa sebuleni kwetu Lindi, kimekunja miguu.

"Shikamoo," nikakiamkia.

"Marahaba. Nahitaji jina. Kimbunga hakiruhusiwi kufika pwani bila jina."

Nilikuwa na kinyongo na mdogo wangu, Somoe. Amerithi jina la bibi, na bibi kila akija humletea yeye kashata; mimi huambiwa nimeshakua. Nikasema, "Chukua Somoe."

Kikashukuru. Papo hapo sebule imekuwa bahari, nacho kinafyonza maji ya vuguvugu kwa mrija. Kila funda kinanenepa.

"Na bahari ikiwa baridi?" nauliza.

"Nakonda."

Redio inatangaza: "Somoe anakuja. Walio mabondeni wahamie mlimani." Mji mzima unamkimbia mdogo wangu. Bibi naye anafunga virago. "Mjukuu wangu, usinisogelee," anamwambia, na kashata anatia mfukoni.

Nafurahi. Nafurahi sana, mpaka upepo unapomnyanyua Somoe.

"Jina langu, mtu wangu," kimbunga kinasema, kinaondoka naye.

Namfuata. Mabati ya paa yananipita yakisema, "Samahani, tupishe." Minazi imelala chini, inalalamika mgongo. Kisha, ghafla, kimya. Jua linawaka. Somoe amekaa kwenye kigoda, kandambili moja hana.

"Hapa ni ndani ya jicho langu," kimbunga kinaniambia. "Lako ni kijicho. Tofauti ni ukubwa tu."

"Nirudishie mdogo wangu."

"Wewe nipe tu chai ya moto. Tumeshaingia nchi kavu, huku hakuna bahari ya kunywa. Nikishiba, nitambeba mpaka Masasi. Hutagawana naye kitu tena."

Birika liko mkononi mwangu, linafuka. Nakiri, nilifikiri kidogo. Somoe ananitazama.

Nikaimwaga chai yote mchangani.

Kimbunga kikaanza kusinyaa. Kikawa kama ng'ombe, kikawa kama kuku, kikabaki upepo wa kupozea uji. "Una roho mbaya," kikaninong'oneza, kikaisha.

Nilipoamka, Somoe alikuwa amelala ubavuni kwangu. Akafumbua macho, akapiga miayo.

"Dada," akasema, "chai yote ile ukaimwaga! Hata mimi hukunibakizia?"

Ndoto yenyewe nilikuwa na moja tu, na humo nako kaingia tugawane.