Mgeni Kwenye Folda ya Nyumbani

Jana Jumapili, baada ya ugali wa mchana, usingizi ulinikuta kitini, nikaota seva yangu inakohoa.

Seva yenyewe ni kompyuta chakavu niliyoiweka chini ya kabati, hapa Njombe, katika nyumba ninayokaa peke yangu tangu mke wangu Twilumba afariki. Niliipakia picha zote za familia katika folda moja, nikaiita Nyumbani, nikaifungulia njia ili yeyote aliyemo ndani ya nyumba azione kwenye simu yake. Aliyemo ndani tu. Mtandao wake hauvuki geti. Wanangu, Eda na Abeli, hawajakanyaga hapa tangu mazishi. Kwa hiyo miezi minne yote tangu niiwashe nimekuwa nikijionyesha picha mimi mwenyewe.

"Samahani, Baba Eda," seva anasema. "Kuna mtu anaomba kuingia."

"Nani?"

"Twilumba. Nywila yake ni sahihi."

Ninafungua mlango. Nje si uani kwangu tena. Ni ofisi ya kata, yenye benchi refu na dirisha la karani. Twilumba yupo kwenye benchi, amevaa sweta lake la kijani. Nyuma ya dirisha amekaa ruta, kile kisanduku changu cha kugawa mtandao, taa zake zikipepesa kama macho ya mtu aliyechoka na kazi.

"Huyu mama hawezi kuingia," ruta anasema. "Mtumiaji husajiliwa mara mbili: kwenye orodha ya folda na kwenye mashine. Kwenye orodha yumo. Kwenye mashine hayumo."

"Alifariki."

Anageuza fomu, anatazama nyuma yake. "Hapa hakuna sehemu ya kujaza hivyo. Aingie kama mgeni. Mgeni anasoma tu, haandiki."

"Mke wangu si mgeni nyumbani kwake."

"Basi mpe umiliki. Ila mmiliki ni mmoja, mzee wangu. Mgeni utakuwa wewe."

Ninatia sahihi. Kalamu haina wino, lakini sahihi inatokea.

Papo hapo tumo ndani ya folda. Ni sebule yetu, ila picha zimejaa kuta zote mpaka darini. Twilumba anazipitia moja moja, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Nataka kumwambia jinsi nyumba ilivyo kimya. Nafungua mdomo, inatoka sauti ya ruta: "Huna ruhusa ya kuandika." Nanyoosha mkono nimshike bega. Huna ruhusa ya kuandika.

"Hizi hazijafunguliwa na mtu mwingine," anasema.

Natikisa kichwa.

"Watoto wanajua kwamba zipo?"

Natazama chini. Sijawaambia. Nilijisemea kwamba wana shughuli zao, wakinikumbuka watauliza.

"Baba Eda," anasema, bila ukali, "wewe unafunga mlango, halafu unawahesabu wasiobisha hodi."

Anavuta stuli, anakaa mbele ya seva, anaandika kitu kwa kidole kimoja, polepole. Kisha anasimama, anafunga vifungo vya sweta. Natamani kumwomba abaki, lakini mgeni hamwombi mwenye nyumba abaki.

Niliamka shingo ikiniuma, jua bado liko dirishani. Nikawasha skrini. Kwenye folda kulikuwa na faili moja nisilolijua, lililohifadhiwa saa tisa na dakika kumi, nikiwa usingizini. Ndani yake neno moja: Wapigie.

Nikajaribu kuandika jibu chini yake. Mashine ikakataa, ikasema naruhusiwa kusoma tu.

Nikalisoma tena, kisha nikatafuta namba ya Eda.

"Baba," akasema, "kuna tatizo?"

"Hakuna," nikamjibu. "Nataka mje nyumbani."